Pindo Lililobanduka

Sisi ni akina mama saba, na wote tumetoka bara. Mmoja wetu ni mwalimu wa skuli, mmoja ni muuguzi, na wengine tuliwafuata waume zetu waliopangiwa kazi huku Shumba, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Majirani zetu ni Waislamu, na sisi Wakristo ni wachache kiasi kwamba Jumapili tunaenea kwenye sebule ya mmoja wetu na viti vinabaki. Tukitaka kushiriki Meza ya Bwana tunapanda gari kwenda Wete. Jumatano alasiri tunakutana tena, lakini siku hiyo tunashona.

Cherehani yetu ni moja, ya miguu, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tunashona sare za watoto wa skuli, foronya na mapazia, na tunakunga kanga. Doti ya kanga huuzwa ikiwa kipande kimoja. Lazima ikatwe katikati na kupindwa kingo zilizokatwa ndipo mtu ajifunge bila nyuzi kumchuruzika miguuni. Kazi ni ndogo na malipo ni madogo, ila huja kila wiki. Tunachopata tunakiweka kwenye kopo. Humo hutoka nauli ya Wete, na humo hutoka cha kumtazamia mgonjwa, awe wetu au wa jirani.

Tunataka kusimulia habari ya mapazia manne, kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha jambo ambalo tulidhani tunalijua tangu shule ya Jumapili.

Jirani yetu mmoja ni bibi mtu mzima ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, nasi twamwita hivyo hivyo. Maji yakijaa hukaa uani kwake akisuka ukili na kushona mikeka. Bamvua likifika, bahari ikatoka mbali, huteremka pwani na wanawake wenzake kufunga mwani kwenye kamba kwa vile vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Kwa fedha ya mwani alinunua kitambaa cha mapazia, kizito, rangi ya maziwa, kwa chumba cha harusi cha mjukuu wake. Ilikuwa zawadi yake mwenyewe, na alitaka wakwe waione. Alituletea kitambaa na fedha ya ushoni siku hiyo hiyo, yote, bila kupunguza. Alisema, “Wanangu, nataka pindo pana, linyooke.”

Zilipobaki siku tatu, mkanda wa cherehani ulikatika. Wa kubadilisha haukupatikana karibu, na aliyetumwa mjini alirudi na usiolingana. Ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba ndugu yake wa Dar es Salaam alimletea utepe wa kubandikia. Ni utepe mwembamba kama utando. Unaulaza ndani ya pindo, kati ya nguo na nguo, unakandamiza pasi ya moto, nao unayeyuka na kuzishika pande mbili bila sindano wala uzi. Tuliwasha pasi ya mkaa, tukapiga mapindo yote manne usiku mmoja. Kulipokucha tuliyatundika tukayatazama. Hatujawahi kushona pindo lililonyooka namna ile. Hakukuwa na alama ya uzi hata moja.

Jumapili ile, katika sala, mmoja wetu alimshukuru Mungu kwa ule utepe, nasi wote tukaitikia amina. Bibi hatukumwambia. Hakuna aliyesema tumfiche. Kila mmoja alinyamaza kivyake, na kunyamaza kwetu kukawa shauri moja.

Harusi ilikuwa nzuri. Mapazia yalisifiwa, na Bibi akawaonyesha wageni nyumba yetu kwa kidole. Lakini palipo na harusi pana watoto, na palipo na watoto mchuzi humwagika. Fungate ilipokwisha, mapazia mawili yakafuliwa kwa maji ya kisima na sabuni ya mche, yakakamuliwa kama nguo nyingine yoyote. Yalipoanikwa, mapindo yalikuwa yameachia toka mwanzo hadi mwisho, yakaning'inia na ukingo mbichi uliokwisha kuanza kutoa nyuzi. Na siku hiyo mawifi wa bibi harusi walikuwapo.

Habari tuliipata kwa mtoto aliyepita kuteka maji. Bibi mwenyewe hakuja. Asubuhi tulimwamkia, “Shikamoo Bibi,” naye akaitikia, “Marahaba wanangu,” kwa sauti ile ile ya kila siku. Kama angetugombeza, tungekuwa na la kujibu.

Jumatano tulikaa kuzungumza. Mwanzo tulimtafuta mkosaji. Tukasema ni maji ya kisima, ni sabuni, ni kukamua kwa nguvu, ni utepe wenyewe. Baadaye tukakiri kwamba utepe haukuwa na kosa. Kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na gundi haishiki vizuri juu ya wanga. Kilipaswa kuloweshwa na kuanikwa kwanza. Pasi hukandamizwa mahali pamoja na kuinuliwa, haisuguliwi kama unanyoosha shati, nasi tulisugua kwa kuharakisha. Tena kitambaa kilikuwa kizito, na pasi yetu ilikuwa ikipoa kila tukisubiri mkaa ukolee, kwa hiyo moto haukufika ndani. Gundi ilishika juu juu. Kwa macho, pindo lililoshika juu juu halina tofauti na lililoshika kweli. Tofauti hutokea kwenye maji.

Kisha tukasema jambo ambalo lilisikika kama toba. Tukasema tumelitia aibu jina la Bwana. Tuko wachache hapa, wengi hawatasoma Biblia yetu, watasoma kazi yetu, basi tuyarekebishe mapazia upesi kabla habari haijaenea. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye huwa hasemi sana, aliweka chini nguo aliyokuwa akifumua.

“Jina la Bwana lina mwenyewe,” alisema. “Aliyeaibika ni Bibi, mbele ya wakwe zake. Na sisi hata sasa tunajiwazia sisi.”

Tulinyamaza, kwa kuwa ilikuwa kweli. Tulikuwa tukitaka kuokoa sifa yetu na kuiita sifa ya Mungu.

Jumapili iliyofuata tulisoma Matendo ya Mitume, sura ya 9, habari za Tabitha wa Yafa, anayeitwa pia Dorkasi. Tumeisoma mara nyingi, na kama kila kikundi cha akina mama wanaoshona, tulikuwa tumemfanya kama mlezi wetu. Safari hii tulikwama mahali tulipokuwa tukipapita haraka. Tabitha amekufa, Petro ameitwa, na wajane wamemzunguka wakilia. Hawamsimulii Petro kwamba marehemu alikuwa mtu wa sala, ingawa bila shaka alikuwa. Wanamwonyesha nguo alizowashonea. Huenda nguo hizo zilikuwa zimevaliwa na kufuliwa mara nyingi, na bado zilifaa kuonyeshwa. Tukajiuliza: tungekufa sisi wiki ile, wajane wa Shumba wangeshika nini mkononi?

Kwa mtu wa pwani, nguo si kitu cha kusitiri mwili tu. Katika karne ya 19, kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa na meli za Marekani kilienea huku hata kikaitwa merikani, na kikitiwa rangi nyeusi kiliitwa kaniki. Hizo ndizo zilikuwa nguo za watumwa, pamoja na wale waliochuma karafuu za kisiwa hiki. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliziacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, ili yeyote anayewatazama ajue kwamba hawana bwana. Mwaka huo huo Wakristo wa Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza walikuja Pemba, wakaweka misheni Banani, karibu na Chake Chake, watu waliotoka utumwani wapate kazi ya ujira. Kwa hiyo sisi si Wakristo wa kwanza kufika hapa tukiwa na nia njema. Na Bibi, kwa kutaka mapazia yenye pindo pana, hakuwa akitaka anasa. Alitaka heshima ya mjukuu wake, na heshima hiyo aliinunua kwa mgongo wake mwenyewe baharini.

Tulikwenda kwake jioni, wote saba, kwa kuwa tulijua tukituma mmoja atasema nusu. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, anaunganisha kili kuwa mkeka. Tukaamkia, tukakaribishwa, tukakaa chini. Tukamweleza yote: mkanda uliokatika, utepe, pasi, na kunyamaza. Tukamwomba radhi. Tukamwekea fedha yake ya ushoni mbele yake, kamili, tuliyoitoa kwenye kopo.

Alisikiliza bila kuacha kushona. Tulipomaliza, alisema, “Mkanda wa cherehani ukikatika si dhambi. Mngeniambia. Nyumba hii ina wasichana wanne, na wote wana sindano.”

Basi. Hakusema zaidi ya hapo juu ya kosa letu, na hapakuhitajika zaidi. Kosa halikuwa gundi. Kosa lilikuwa kwamba tulimwendea Mungu kwa shukrani kabla ya kumwendea jirani kwa ukweli.

Kisha alichukua fedha, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

Tukubali kusema kwamba jambo hilo lilitushtua. Tulikuwa tumetarajia akatae. Mioyoni tulikwisha kujiona tukirudi nyumbani tumesamehewa na fedha yetu mkononi, na kopo halijapungua. Alipozichukua tulitambua kwamba toba yetu nayo ilikuwa na pindo la kubandika. Zakayo, aliposhuka mtini, hakutaja kurudisha mara nne akitumaini kwamba watu wangesema acha tu. Alikusudia kurudisha. Mwezi ule tulikwenda Wete mara moja badala ya mbili, kwa kuwa nauli haikuwepo.

Mapazia tuliyashona upya uani kwa Bibi, kwa mkono. Wasichana wale hushona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi inayoweza kuchukua wiki nyingi kwa kofia moja. Mshono wao ulikuwa mdogo na sawa kuliko wetu, na hawakutuficha. Tulikwangua gundi iliyobaki, tukaloweka kitambaa, tukakianika, tukakunja mara mbili ili ukingo mbichi ufungiwe ndani, tukabana kwa pini, ndipo tukashona. Mshono wa kukunga huchukua uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa kwa upande wa mbele, hivyo nje hauonekani, lakini kila hatua sindano hupita pande zote mbili. Tulipochoka, Bibi alitutilia chai ya mchaichai na kutuonyesha mkeka wake. Kili zile zingeweza kulazwa zikagusana, alisema, na kwa mbali ungedhani ni mkeka. Ungemgundua mwongo siku ya kuukung'uta.

Tangu hapo tumekuwa tukiifikiria imani yetu kwa namna hiyo. Iko imani ya kubandika. Hunyooka haraka, hupendeza Jumapili, wala haina alama ya sindano, kwa kuwa haijamchoma mtu. Hatusemi kwamba si imani. Huenda ikashika, kama kitambaa kimefuliwa kwanza na moto umefika. Lakini inayovuka maji ni ile iliyopita pande zote mbili, upande wa Mungu na upande wa jirani, hatua kwa hatua, na ambayo hata ndani kusikoonekana imekunjwa vizuri.

Utepe hatukuutupa. Umebaki kwenye sanduku la uzi. Ni mzuri kwa kushikiza zipu isicheze wakati wa kuishona, na kwa suruali ya mtu anayeomba pindo la muda. Anayetaka tunambandikia, ila tunamwambia kwanza kwamba tumebandika, na namna ya kufua.

Karibu na Ramadhani Bibi alikuja na doti mpya ya kanga tumkungie. Hatukujua kama angetuletea kazi tena. Tulipomrudishia, hakuitazama mbele. Aliligeuza pindo, akalitazama ndani, akalivuta kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, huku sisi saba tumesimama mlangoni kama watoto wanaosubiri daftari zao zisahihishwe. Halafu akajifunga, akaaga, akaenda zake.

Hatukuona vibaya. Kila kazi tunayomaliza sasa, kabla ya kuikunja, tunaigeuza kwanza wenyewe.