Kula Mbita, Kulala Rusinga

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Likizo ya Agosti alinisogezea simu, nikaona kisiwa cha Santorini huko Ugiriki: nyumba nyeupe juu ya genge, maji ya buluu, meza ya samaki pembeni. "Sokoro, bonasi ya chai ya Oktoba ikitoka, nipeleke hapa. Kenya hatuna visiwa vya kula na kulala, ila Mombasa tu." Nikamuuliza, Rusinga je? Akataka kujua kama iko Uganda.

Huyu ni msichana aliyezaliwa Itumbe, akasomeshwa kwa majani ya chai yanayopelekwa kiwandani hapo hapo Itumbe. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama kwenye ukingo wa Manga huliona Ziwa Victoria kwa macho yake mwenyewe. Sikumjibu. Lakini kesi yenyewe imenikaa kooni tangu siku hiyo.

Mara ya kwanza kufika Mbita, mji wa ziwani unaotazamana na Rusinga, nilikuwa mwalimu kijana. Siku zote nimesema ilikuwa 1984, kwa sababu nakumbuka ugali wa mahindi ya njano, yale ya njaa. Mwenzangu niliyesafiri naye anashikilia kwamba ni 1985, na ana hoja: njia nzima tulibishana juu ya darasa la nane, na kabla ya 1985 darasa la nane halikuwapo. Tumelumbana hivyo kwenye matanga na kwenye harusi, nami sasa nimemwachia. Kivuko cha mawe na udongo kilichounganisha Mbita na Rusinga kilikuwa bado kigeni machoni mwa watu, hilo tunakubaliana.

Tulitoka Itumbe hadi mjini Kisii, tukashuka Rongo, tukapinda kwenda Homa Bay tumebanana ndani ya Peugeot. Kutoka Homa Bay ilikuwa murram tupu. Tulipofika, nyusi zetu zilikuwa nyekundu na njaa imetukausha midomo.

Hoteli ilikuwa kibanda cha mabati karibu na steji, bila jina wala bango. Kilichotuita ni harufu. Sijui niielezeje kwa mtu aliyezoea samaki wa kwenye friji: mafuta ya moto, chumvi, moshi wa kuni, na nyuma yake ile harufu ya omena zinazoanikwa juu ya nyavu kuukuu chini kwenye mchanga. Mama mwenye hoteli alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya maji. Alikuwa na karai moja jeusi, na alikaanga kwa zamu: ngege aliyechanjwa ubavuni, chumvi hadi ndani ya chanjo, halafu kwenye mafuta mpaka mapezi yakatike kwa vidole. Baadaye humrudisha samaki yule yule kwenye sufuria ya nyanya na kitunguu, mchuzi uchemke mara moja tu. Hakuna bizari, hakuna pilipili manga. Nimekula samaki wa nazi Mombasa, nimekula wa tanduri Nairobi. Sijaona haja ya hayo yote.

Kabla ya kupakua aliuliza unatoka wapi. Tukasema Kisii. "Basi ndizi zangu ziko wapi?" Tulidhani mzaha. Safari iliyofuata nilibeba mkungu na unga wa wimbi kutoka kwa mamangu, akavipokea kama mtu anayelipwa deni, na siku hiyo hakuchukua pesa yangu. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo: nafaka zikishuka kutoka milimani, vyungu, chumvi na samaki vikipanda. Mama yule hakuhitaji kusomewa historia hiyo. Nyanya yake alikuwa Msuba wa kisiwa cha Mfangano, na vitu vilivyovuka kwa mtumbwi vilikuwa chakula chake cha utoto.

Nyuma ya hoteli palikuwa na vyumba vya kulala. Navitaja nikijua kuna vijana watakaocheka. Kuta za ndani zilikuwa za matete, kwa hiyo kikohozi cha jirani kilikuwa chako pia. Kitanda cha kamba, koroboi juu ya kopo, karai la maji ya kuoga. Choo kilikuwa mbali na njia yake ilikuwa giza. Kunguni walikuwapo, nisiwasingizie wasifu mzuri. Lakini jioni mama alipita chumba kwa chumba na sindano, akakagua chandarua kwa mkono, penye tundu akashona papo hapo. "Nyinyi watu wa milimani," alisema, "homa yetu huwa haiwabembelezi." Alisema kweli. Sisi tuliokulia kwenye baridi ya chai, malaria ya ziwani ilituangusha upesi kuliko wenyeji. Katika lojingi zote nilizolala baada ya hapo, zenye vigae na zenye televisheni, hakuna mwenyeji aliyewahi kunikagulia chandarua.

Asubuhi wadudu wa ziwani waliinuka juu ya maji kwa wingu zima, ungedhani mji unaungua. Tulivuka kwenda Rusinga kwa miguu, tukafika kwenye kaburi la Tom Mboya lililojengwa kwa umbo la risasi, kisha tukaonyeshwa upande ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka wa 1948. Mwenzangu aliandika yote kwenye daftari la maandalio. Mimi nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Halafu mambo yakageuka. Viwanda vya minofu vilimtaka mbuta mzima mzima, naye akaenda Ulaya. Kilichobaki kwetu ni mgongowazi, uti wa mgongo na kichwa. Mama aliukaanga kwa karai lile lile, harufu ile ile, na mteja akatafuna mifupa huku akilitazama ziwa lililojaa. Magugu maji nayo yakaziba fukwe, mitumbwi ikashindwa kutoka. Ulaya ilipokataa samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990, tulikula mnofu kwa muda, kisha ukapotea tena.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Lami ilifika. Kivuko kile kilichozuia maji kikapewa daraja la kweli, maji yakapita. Vikaja vizimba vya kufugia samaki, kaunti, tamasha za Desemba, hoteli zenye bwawa la kuogelea hatua chache kutoka ziwani, jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Mama alifariki, palipokuwa na karai lake panauzwa kava za simu.

Mwaka jana nililala kwenye mojawapo ya hoteli hizo mpya. Kitanda nakisifu: shuka safi, maji moto, usingizi ambao matete hayakuwahi kunipa. Samaki simsifu. Alichukua zaidi ya saa nzima, akaja na vibanzi na jani la saladi, na nyama yake ilikuwa na ladha ya barafu. Nilipomdadisi, kijana wa mezani aliinama akaninong'oneza kwamba walitoa kwenye boksi, samaki wa China. Dirishani mtumbwi ulikuwa unashusha ngege.

Kwa hiyo, wewe uliye huku kwetu na bonasi mfukoni, nauli ya Ugiriki iache. Shika gari la Kisii, Rongo, Homa Bay. Siku hizi ni lami mpaka mwisho. Lala kwenye hoteli mpya, usile humo. Shuka ufukweni asubuhi mitumbwi inaporudi, funua matamvua ya samaki, yakiwa mekundu mchukue, umpelekee mama yeyote mwenye karai na kuni. Patana bei kabla mafuta hayajapata moto. Ndizi pia bado zinapokelewa. Na chandarua, kishushe kabla ya magharibi na ukague mwenyewe.