Namba ya Kulwa

Usukumani jina husema mtu alizaliwaje: Mabula mvua ikinyesha, Kulwa na Doto pacha, Shija awafuatao. Mwenyeji wangu wa Bariadi ni Kulwa. Jioni moja, magunia ya pamba yakiwa yametuzunguka barazani, alikiweka kitambulisho chake cha NIDA ubavuni mwa cha nduguye. Tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zifuatazo, msimbo wa posta wa mahali. Zote 13 zililingana kama nyuso zao.

“Basi hii nayo ni jina,” nikasema.

“Na jina halifichwi, bwana.”

Hapo ndipo shaka yangu. Tangu 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na kidole hakibahatishwi. Lakini yako madirisha ambako namba hutajwa kwa mdomo tu, na mtajaji akaaminiwa. Ajuaye siku ya Kulwa na kata yake (na kijijini nani asiyejua?) amebakiwa na tarakimu saba. Doto alizijua hata hizo. Msimu uliopita alikopa mbegu dukani, akataja namba ya nduguye. Kwa kusahau, alisema. Deni limekwisha kulipwa. Kulwa alinisimulia akicheka. Doto aliinama, akaendelea kufunga magunia.