Nusu Dau Mfukoni: Wikiendi ya Atlantic City

Ukisikia Atlantic City unawaza taa na kasino tu. Lakini msomaji wangu, mji huu wa pwani ya New Jersey, mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa basi kutoka New York, ulipata jina kwa mbao. Wenye hoteli walichoshwa na mchanga uliokuwa ukiingia na viatu vya wageni hadi kwenye mazulia, ndipo mwaka 1870 ikajengwa njia ya mbao kando ya bahari. Mpaka leo ndiyo unayotembelea, upepo usoni, shakwe wakiuvizia mkate wako.

Tulikuwa watatu: mimi, shoga yangu anayeishi Newark, na mumewe. Wanajenga Kibaha hawa, kwa hiyo kwao kila dola ina jina: tofali, nondo, bati. Walikubaliana kwenye basi kabisa: dola 200 za kuchezea, basi.

Shemeji akaketi meza ya blackjack, ule mchezo wa ishirini na moja, dau dola 25. Si muda akapewa 10 na 6. Mgawaji kaonyesha 10. Kumi na sita ni mkono mbovu, usipime: ukiongeza karata unaweza kupita 21, ukikaa kimya unapigwa.

Baadhi ya meza zina mlango wa kutokea, unaitwa kusalimu amri. Unaacha nusu ya dau, nusu unarudishiwa, raundi imekwisha kwako. Lakini uamue ukiwa na karata zako mbili za mwanzo. Ukishaomba ya tatu umechelewa. Na mgawaji huchungulia kwanza: akiwa na blackjack, dau lote limekwenda.

"Baba Junior, salimu bwana," shoga akanong'ona.

"Mbele ya shemeji yangu? Thubutu!"

Akaomba karata. Ikaja 9.

"Matofali hayo," akasema mkewe, wala hakukasirika.

Hesabu ilikuwa upande wa mama. Kucheza 16 dhidi ya 10 kunakupotezea wastani wa kama senti 54 kwa kila dola. Ukisalimu ni 50. Senti nne tu, ndiyo, lakini majumba yale yamejengwa kwa senti hizohizo.

Na kuna wakati mji huu ulikuwa mpole zaidi. Kasino ya Resorts ilipofunguliwa Mei 1978, ya kwanza halali Marekani nje ya Nevada, mchezaji aliruhusiwa kusalimu hata kabla mgawaji hajachungulia. We acha tu! Aliyeijua hesabu aliweza kuizidi kasino kidogo bila hata kukariri karata zilizopita. Mwaka 1981 ruhusa hiyo ikafutwa.

Baadaye shemeji akapata nane mbili, mgawaji 10 tena. Jumla si ileile 16? Shoga akajiandaa kusema salimu. Hapana. Karata zikifanana unaweza kuzipasua: unaweka dau jingine sawa na la kwanza, kila nane inakuwa mkono wake. Kwa nane mbili, kupasua kunapoteza kidogo kuliko kuacha nusu dau. Yaani unaongeza pesa ili upoteze pungufu. Kamweleze hilo mtu mwenye msingi Kibaha! Shemeji alipasua, mkono mmoja ukashinda, mwingine ukaliwa, ngoma droo.

Ree mbili, zile zenye A, pasua siku zote, ingawa kwa kawaida kila moja hupewa karata moja tu, na 10 ikiiangukia ni 21 ya kawaida, si blackjack. Kumi mbili usiguse, ishirini unayo tayari. Tano mbili nazo ziache pamoja. Huu si uganga: wanajeshi wanne wa Marekani walipiga hesabu hizi kwa mashine za mezani na kuzichapisha mwaka 1956.

Zilipobaki dola 75 ikaja 16 nyingine. Shemeji akamwangalia mkewe, akachora mstari kwa kidole nyuma ya dau. Dola 12 na nusu zikarudi, akasimama. Shoga alizihesabu zote 62 na nusu mara mbili kabla ya kuzitia mkobani.

Ukienda, beba pasi. Chini ya miaka 21 huchezi. Soma maandishi ya mezani: blackjack ilipe 15 kwa kila 10. Ikilipa 12, tafuta meza nyingine. Na uliza kama kusalimu kunaruhusiwa kabla hujaketi, maana meza nyingi hazina.