Nani atasema « ngazi ya tatu » kwenye ziwa letu?

Leo nawazungumzia mchezo ambao wengi hapa Kivu hawajauona: mashindano ya deltaplani. Mimi ni mtu wa redio, sijawahi kuruka kwa chombo hicho. Kilichonivuta si bawa lenyewe, ni redio wanayobeba marubani wake.

Deltaplani ni bawa la kitambaa na vyuma vyepesi, halina moteri. Rubani ananing'inia chini yake kifudifudi, anashika chuma cha mbele na kuliongoza kwa kusogeza uzito wa mwili wake. Siku ya mashindano, waongozi wanapanga safari: mahali pa kuanzia, vituo vya kupitia na mwisho. Hewa ya moto inayotoka ardhini ndiyo inawapandisha. Upepo nao unaweza kuwa rafiki. Tarehe 3 Julai 2012, Dustin Martin wa Marekani na Jonny Durand wa Australia waliondoka Zapata, Texas, upepo ukiwasukuma kwa nyuma. Mmoja alifika kilomita 764, mwingine 761.

Lakini upepo ukizidi, nyuma ya milima hewa inajizungusha kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Hapo bawa linaweza kupinduliwa, na rubani akabaki na parashuti tu.

Ndiyo maana katika mashindano makubwa kuna lugha ya ngazi tatu. Rubani aliye hewani anasema kwa redio: ngazi ya kwanza, hali ni nzuri, ya pili, upepo una nguvu, ya tatu, ni hatari. Waongozi wakisikia ya tatu, wanaweza kusimamisha mashindano yote. Alama zinahesabiwa kwa njia ambayo kila mmoja alikuwa ameshaipita hadi dakika chache kabla ya kusimamishwa. Basi aliyesema ukweli hapotezi peke yake.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu ya ziwa Kivu.

Mwaka fulani nilikuwa natoka Idjwi kwenda Goma kwa masua ya mbao. Mchana upepo ulianza, maji yakawa yanaingia. Wanaume tulinyamaza wote. Mama mmoja mchuuzi wa nanasi ndiye aliyesema:

« Papa kapiteni, turudi. Ziwa limekataa. »

Wengine wakacheka. Kapiteni akajibu: « Mama, watu wamelipa. »

« Na mimi nimelipa. »

Kapiteni akatazama mawimbi, akageuza. Tulilala ufukweni, na nauli ikadaiwa upya asubuhi. Tulipofika Goma, siku ya soko ilikuwa imepita. Yule mama aliuza nanasi zake kwa bei ya hasara. Sikusikia mtu akimwambia aksanti.

Tarehe 3 Oktoba 2024, masua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa pwani wakiona kwa macho yao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa. Tangu siku hiyo namfikiria sana yule mama. Kuogopa si shida yetu. Kila msafiri wa Kivu anajua kuogopa. Shida ni kwamba kwetu anayesema anachekwa, na anayerudi analipa mara mbili.

Kwa hiyo naomba mambo mawili madogo. Kabla ya kuondoka, kapiteni awaambie abiria: mkiona hatari, semeni, nitasikiliza. Na masua ikirudi kwa sababu ya upepo, tiketi ya leo iwe nzuri kesho.

Sisi wa redio tumezoea kusoma matangazo ya misiba. Ningependa siku moja kusoma tangazo fupi tu: « Masua imerudi bandarini juu ya upepo mkali. Wote wako wazima. Watasafiri kesho asubuhi. »