Blanketi Tisa

Keja yangu Kasarani ni mita tatu kwa tatu na nusu. Kuta zimepigwa plasta laini, chini ni taili, juu ni zege. Ukipiga kofi moja linarudi mara kadhaa, trrr, kama mbawa za njiwa aliyeshtuka. Kwa kulala, hakuna shida. Kwa kusoma vitabu vya sauti, kazi niliyoipata baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, ni balaa. Mteja alirudisha sampuli na maneno manne: sauti nzuri, chumba kibaya. Akanipa wiki moja.

Nilikuwa na shilingi 6,000, na kodi ni tarehe 5.

Kila mtu anakushauri trei za mayai. Jameni, trei za mayai! Hiyo ni karatasi. Inapunguza kidogo tu zile sauti nyembamba za juu, halafu inashika moto haraka. Sponji nyeusi zenye meno, zile za kupendezesha video, ni afadhali, ila zile nyembamba zinameza "s" na "t" na kuacha mvumo wote wa kifua. Unasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Sauti ya hezi 100 ina wimbi la karibu mita tatu na nusu. Huwezi kulikamata na kitu chembamba kama chapati. Unahitaji unene, na nafasi ya hewa kati ya hicho kitu na ukuta.

Mwaka wa 1895, Harvard ilikuwa na ukumbi ambao mihadhara haikusikika vizuri. Kazi akapewa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa miaka 27. Usiku alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, kisha anapima sauti inachukua muda gani kufa. Mito tu! (Na hakuwahi kupata PhD. Hiyo nilimtumia mamangu.)

So nikaenda Gikomba, nikatoka na blanketi tisa nzito za mtumba. Mama akauliza kwa simu, "Blanketi tisa, na hata friji huna?" Tangu niache chuo, kila ninachonunua anakipima kwa karo.

Fundi aliniundia fremu mbili za mbao. Nimezitundika nyuma ya mgongo wangu, sentimita kumi kutoka ukutani, kwa sababu maiki yangu inasikiliza upande wa mbele: mimi, na ukuta ulio nyuma yangu. Godoro linasimama konani nikirekodi.

Blanketi hazizuii kelele za nje, hilo lijulikane. Matatu zingali zinapita ndani ya keja. Kwa hivyo narekodi saa nane usiku hadi saa kumi na moja, isipokuwa Ijumaa, siku ya kesha pale kanisani.

Mteja amejibu: endelea na sura ya pili. Sura ni 31, na malipo ni zikiisha zote. Mwenye nyumba amekubali kungoja hadi tarehe 12. Alichungulia mlangoni, akaniuliza kama nafungua duka la mitumba.