Mwenzenu Miguu Hailali: Mtaa Ulisema Mambo ya Giza, Kumbe Madini ya Chuma

Najua mmezoea nikiwaletea nani kaachana na nani, na nani kaonekana wapi usiku na nani. Leo staa wa stori ni miguu yangu mwenyewe. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho, maana kuna mtu hapo ulipo anahangaika na hili jambo na hajui hata aanzie wapi kulieleza.

Iko hivi. Mchana niko fiti kabisa. Nafungua kibanda changu cha uwakala hapa Bahi, natoa pesa, naweka pesa, napiga stori na wateja. Jua likizama nikakaa chini tu, basi, shughuli inaanza. Ndani ya vigimbi kunakuwa na kitu. Siyo maumivu ya kusema naumwa, na siyo ganzi. Siyo ule msuli unaokaza ghafla ukapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mimi huwa nasema ni kama soda iliyotikiswa inachemka ndani ya mfupa. Na mwili mzima unakuambia kitu kimoja: sogeza mguu, sogeza sasa hivi. Ukiusogeza unapata nafuu. Ukiutuliza inarudi. Ukipanda kitandani ndiyo kabisa.

Ilinianza nikiwa na mimba ya mwanangu, miezi ile ya mwisho. Nilipojifungua ikapoa, nikasema asante Mungu. Mtoto alipofika mwaka na nusu ikarudi, na safari hii ikakaa.

Sasa fikiria maisha ya huku kwetu. Nyumba zimepakana, uani wote mnaonana. Saa nane usiku mtaa umelala, unasikia mbwa tu na treni ya mizigo ikipita, na mimi nipo nje nazunguka mwembe na kanga yangu. Nikizunguka dakika ishirini natulia, narudi ndani, nalala kidogo, natoka tena. Kuna jirani mmoja, jina kapuni, akaniona usiku wa kwanza. Wa pili akaniona tena. Wiki haijaisha nikawa habari ya mjini. Wengine wakasema yule dada ni mwanga, anazunguka usiku na mambo yake ya giza. Wengine wakasema hapana, ana bwana, anatoka nje kuongea naye kwenye simu.

Ile ya uchawi nilicheka. Ile ya bwana ilinifikia ndani ya nyumba. Mume wangu akaanza kuniuliza, "Mama nanii, huko nje unaongea na nani?" Nikamwambia ni miguu. Akasema, "Miguu gani ambayo mchana haiumi?" Swali lake lilikuwa na mantiki, na mimi sikuwa na jibu. Kilichofuata, simu yangu ikawa inakaguliwa kila jioni, kisha godoro likahamia sebuleni. Mama mkwe akaniita pembeni. "Mwanangu, mwanamke wa watu hatembei uani usiku wa manane. Kama kuna kitu kimekuingia, tuambie tukutafutie mtu." Nikamjibu, "Mama, hakuna kilichoniingia, ni miguu tu." Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua kwamba anaumwa.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Kitu kikikosa jina, mtaa unakipa jina. Na jina la mtaa linaweza kukuvunjia ndoa kabla hujafika hospitali.

Kufika kwenyewe kulichukua muda. Kituo kimoja walinipima malaria, hakuna. Duka moja la dawa nikaeleza kwamba silali, nikapewa vidonge vile vidogo vya njano vya mzio, eti vitanipa usingizi. Usiku ule miguu ilicheza kuliko siku zote. Baadaye nimekuja kujua kwamba dawa nyingi za mafua na mzio zinazoleta usingizi huzidisha hali hii. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za sonona nazo zinaweza kuizidisha. Kwa hiyo ukiwa na miguu ya aina hii, kila unapoandikiwa dawa, itaje. Na kama tayari unatumia dawa ya sonona, usiiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Mwisho nikapanda gari kwenda Dodoma mjini, na mume wangu akasema anakuja. Nadhani alitaka kusikia kwa masikio yake. Daktari hakuanza na vipimo, alianza na maswali manne. Je, unasikia hamu ya kusogeza miguu ambayo huwezi kuizuia? Je, inakuja ukiwa umetulia, umekaa au umelala? Je, ukitembea au kujinyoosha inapungua? Je, jioni na usiku ni mbaya kuliko mchana? Nikajibu ndiyo mara nne. Halafu akamgeukia mume wangu: "Na wewe baba, mkilala hakupigi mateke?" Mume wangu akasema, "Daktari, mimi napigwa penalti kila usiku, na yeye mwenyewe amelala." Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja baada ya muda mrefu.

Daktari akatuambia hali hii inaitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, na wengi walio nayo hurusha miguu usingizini bila kujua. Pia siyo ugonjwa wa jana. Mwaka 1672 daktari wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika kuhusu watu ambao wakipanda kitandani miguu inarukaruka mpaka usingizi unashindikana. Mwaka 1945 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akaichambua vizuri na kuipa jina hili. Ndiyo maana kuna wanaoiita ugonjwa wa Willis-Ekbom. Mume wangu aliposikia kwamba kuna watu wameandika kuhusu miguu yangu tangu miaka ya 1600, alinyamaza njia nzima ya kurudi. Usiku ule godoro likarudi chumbani.

Sasa tuje kwenye sababu. Ubongo una kemikali inayoitwa dopamini, inayohusika na mwendo wa mwili, na ubongo unahitaji madini ya chuma ili dopamini ifanye kazi yake sawasawa. Chuma kikipungua kwenye ubongo, miguu inaweza kuanza vurugu. Ndiyo maana wajawazito wanapatwa sana, hasa miezi mitatu ya mwisho. Wenye figo zilizoshindwa kazi wanapatwa pia. Na kuna familia inatembea kwenye damu, mama anayo, mtoto anayo.

Hapa shikeni kitu kimoja, hasa kina dada. Unaweza kupimwa wingi wa damu ukaambiwa uko sawa, kumbe akiba ya chuma imekwisha. Akiba inapimwa kwa kipimo kingine kinachoitwa feritini. Kwa mtu mwenye miguu hii, madaktari wengi huanza kufikiria kumpa chuma feritini ikiwa 75 au chini ya hapo, hata kama damu yenyewe haijapungua. Yangu ilisoma 14. Nikaanzishiwa vidonge vya chuma. Havikufanya muujiza wiki ya kwanza. Vilinifunga choo na kukifanya cheusi, jambo ambalo ni la kawaida kwa vidonge hivyo. Mwezi wa tatu nikaanza kulala saa tano usiku na kuamka alfajiri. Lakini usisome hapa ukakimbilia dukani kununua. Chuma kikizidi mwilini kinadhuru, kwa hiyo pima kwanza.

Na kwa nini huku hatuisikii? Watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba eneo la Haydom, Mbulu, mkoani Manyara, wakahoji zaidi ya watu 7,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Waliobainika kuwa na ugonjwa huu walikuwa wachache mno, wakati Ulaya na Marekani huwa inatajwa watu wazima 5 hadi 10 katika kila 100. Maana yake, ukiwa nayo huku kwetu unaweza kumaliza miaka bila kukutana na mwenzako, na hata mhudumu wa kituo anaweza asiwe amewahi kumwona mgonjwa wake. Kwa hiyo kazi ya kueleza inabaki kwako.

Niwape sasa mchongo wa kila siku, ninavyoishi nayo.

Chai. Sisi watu wa chai tuna mtihani. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma, na kafeini yake usiku inachochea miguu. Mimi nakunywa asubuhi, mbali na vidonge, na baada ya saa nane mchana sigusi. Pombe na sigara pia huwasumbua wengi.

Chakula. Ugali wetu wa uwele au mtama na mlenda una chuma, ila chuma cha mimea mwili unakichukua kwa shida. Vitamini C inausaidia, na Dodoma tumejaliwa: ubuyu umejaa vitamini C, na ndimu zipo. Mimi nachanganya juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi na mlo wa mchana. Dagaa na nyama nikipata, vizuri zaidi.

Jioni. Kabla ya kulala nanyoosha vigimbi ukutani, nachua kwa mafuta, usiku mwingine naweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kuna wanaosema maji ya baridi ndiyo yanawasaidia, jaribu yote. Nalala na kuamka saa zilezile, maana uchovu unaizidisha.

Safari. Basi la kwenda Dar kwa mtu kama mimi ni adhabu. Nachukua siti ya upande wa njia na kila gari linaposimama nashuka. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dar kutoka Dodoma mwaka 2024 napendelea hiyo, maana naweza kusimama na kutembea ndani ya behewa bila mtu kuniuliza. Nikilazimika kukaa, nashughulisha akili kwa gemu kwenye simu au kufuma. Akili ikiwa na kazi, miguu inapungua kelele.

Kwa wale ambao chuma na hayo yote hayatoshi, dawa zipo, lakini ni za daktari. Zile zinazofanya kazi kama dopamini zinaweza kusaidia mwanzoni, halafu baada ya muda zikaifanya hali ianze mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Na vijana wenzangu sikieni hili: baadhi ya watu wakizitumia wanashikwa na hamu ya kucheza kamari wasiyoweza kuizuia. Na mitaa yetu hii ya kubeti, hebu fikiria.

Mpaka leo kuna usiku natoka. Tofauti ni kwamba sasa mume wangu akisikia mlango anasema, "Soda imechemka?" na anageuka upande wa pili kulala. Mama mkwe amewaambia majirani kwamba mkwe wake ana upungufu wa chuma kwenye ubongo. Wao wameelewa kwamba nina kichaa kidogo, lakini heri hiyo kuliko bwana wa kwenye simu.

Kama umejitambua humu, ukifika kwa daktari usiseme "miguu inauma," maana utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Sema hivi: "Nasikia hamu ya kusogeza miguu, inakuja nikitulia, inapungua nikitembea, na usiku ndiyo inazidi. Naomba nipimwe feritini." Waweza kuiandika kwenye karatasi ukaenda nayo. Na kama una mwenza, nenda naye, asikie mwenyewe.