Kigari cha Ubavuni: Safari ya Kutafuta Pikipiki ya Familia Hapa London



Aliyekulia Unguja hahitaji kuelezwa jinsi familia nzima inavyosafiri juu ya Vespa moja. Baba hushika usukani, mtoto husimama mbele yake, na mama hukaa upande kwenye kiti cha nyuma, buibui lake amelikusanya vizuri na kikapu amekipakata. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyopelekwa chuoni, na hivyo ndivyo tulivyokwenda shamba siku za sikukuu. Mpwa wangu, aliyepata leseni yake ya pikipiki hapa London, alidhani kwamba na huku mambo yatakuwa vivyo hivyo. Hayakuwa.

Sheria ya Uingereza hairuhusu pikipiki ya magurudumu mawili kubeba zaidi ya abiria mmoja, na abiria huyo ni lazima akae kwa kupanda, mguu huku na mguu huku, juu ya kiti kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kukaa upande hakuruhusiwi. Mkewe alimwambia waziwazi kwamba yeye na buibui lake hatapanda namna ile. Tena mtoto wao wa miaka sita angekaa wapi? Leseni ya gari mpwa wangu hana. Alichokuwa nacho ni fedha za mchezo, zamu yake ilipofika, na nia ya kutoingia katika mkopo wa riba. Ndipo akanijia na kuniambia, "Mjomba, nimeamua kununua pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Twende ukanitazamie."

Nilikwenda naye, na haya ndiyo niliyojifunza.

Tulianza Jumapili moja asubuhi pale Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, Stonebridge, si mbali na Wembley. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, kisha ukafunguliwa tena mwaka 2001. Wapenzi wa pikipiki huufanya kama baraza yao. Tuliagiza chai, tukasimama nje kutazama. Wazee wa Kiingereza wenye vigari hawana uchoyo wa maneno. Mmoja wao, aliposikia kwamba mpwa wangu ni mgeni wa chombo hiki, alimwambia asahau aliyofundishwa. Pikipiki ya kawaida huinama inapokata kona, lakini yenye kigari haiinami kamwe. Usukani lazima uuzungushe kwa nguvu za mikono kuelekea unakotaka kwenda. Mtihani wa leseni hufanywa kwa pikipiki isiyo na kigari, isipokuwa kwa mwenye ulemavu. Kwa hiyo aliyefaulu mtihani hajafaulu bado mbele ya kigari.

Mzee yule alitueleza jambo jingine ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Hapa kigari hukaa kushoto, upande wa kando ya njia, ili abiria ashuke pasipo kukanyaga barabara. Kwa pikipiki zilizosajiliwa tangu tarehe 1 Agosti 1981 hilo si hiari bali ni sheria. Ukiona kilichofungwa kulia kama vile vya bara la Ulaya, uliza kwanza. Na kwa sababu uzito umekaa upande mmoja, chombo hakiendi sawa. Ukiongeza mafuta, kinavuta kushoto. Ukifunga breki, kinasukuma kulia, huko yanakotoka magari mengine. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi na kigari kikiwa kitupu, gurudumu lake huinuka hewani.

Kutoka hapo tulifuata North Circular kuelekea mashariki, tukapita Brent Cross na Finchley, kisha tukapanda kaskazini kwa barabara ya Great Cambridge hadi Enfield. Hatukujua kwamba tunakwenda kwenye chimbuko lenyewe. Mwezi Januari 1903, mtu aitwaye W. J. Graham, wa Graham Brothers ya Enfield, alipewa haki ya muda ya ubunifu wa kigari cha ubavuni. Wakati ule Enfield ilikuwa katika jimbo la Middlesex. Iliingizwa katika London Kuu mwaka 1965. Katika miaka ya hamsini vigari hivi ndivyo vilivyokuwa gari la mfanyakazi wa Kiingereza: mke ndani, mtoto miguuni pake, na chakula cha safari nyuma. Ilipotokea Mini mwaka 1959, gari dogo la bei nafuu, biashara ya vigari ikaanza kudidimia. Basi sisi wahamiaji hatukuwa tunatafuta kitu kigeni. Tulikuwa tunarejea kwenye njia waliyopita maskini wa nchi hii kabla yetu.

Enfield palikuwa na mtu anayeuza pikipiki ya Kijapani ya cc 1000, nyekundu, inang'aa kama sinia la shaba, na kigari chembamba kilicholala chini. Mpwa wangu aliipenda mara moja, na mkono wake ulikuwa tayari umegusa mfuko wa koti. Nilimwomba aijaribu kwanza katika uwanja mtupu wa nyuma ya ghala, kwa idhini ya mwenyewe. Alikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza ya kushoto. Gurudumu la kigari likainuka. Kwa hofu akaachia kona na kufunga breki, na chombo kikamtupa kulia mita kadhaa kabla ya kusimama. Uwanjani palikuwa patupu, alhamdulillahi. Lau ingekuwa ni barabara, pale aliposimama pangekuwa na basi.

Jioni tulimweleza mkewe yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, ndani ya kigari atakaa nani?"

"Wewe na mtoto," nikajibu.

"Basi mbona sikwenda mimi kukitazama?"

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu. Tulikuwa tumepima injini, rangi na bei, na hatukumpima atakayekaa ndani. Wiki iliyofuata tulikwenda watatu, pamoja na mtoto. Kile kigari chekundu hakikuwa na mlango. Ili kuingia ilimbidi ainue nguo na kuruka ukingo mbele ya watu. Akakikataa bila ya kuongeza neno. Kwa muuzaji wa pili, Edmonton, palikuwa na Royal Enfield ya cc 500 ya mwaka 2012, ya kiwanda cha India, ambayo jina lake asili yake ni Enfield hii hii. Kigari chake kilikuwa na mlango, kioo cha mbele, kifuniko cha mvua, mkanda wa kiti, na breki katika gurudumu lake. Aliingia kama anavyoingia kwenye kiti cha nyumbani, akaangalia kama pindo la buibui lake linaweza kufikia mnyororo au gurudumu, akampakia mtoto, akafunga mkanda. Ndipo akasema, "Hiki."

Injini ile haina mbio. Lakini kwa mgeni wa chombo hilo si ila, bali ni hifadhi. Fundi tuliyemlipa aikague alitazama vifungio vinavyokishika kigari na fremu, kama vina nyufa au kutu. Alipima kama gurudumu la kigari limeelekezwa ndani kidogo kama inavyotakiwa. Na akatuonyesha kwamba matairi yake hulika upesi katikati, kwa kuwa chombo hakiinami.

Yako na mambo ya serikali. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limeenea mitaa yote ya London, na chombo kisichotimiza masharti hulipishwa pauni 12.50 kwa siku. Kwa pikipiki, zilizosajiliwa baada ya Julai 2007 kwa kawaida hupita. Zilizotimiza miaka 40 na kuandikishwa kuwa za kihistoria husamehewa. Zilizo katikati ndizo zenye mtego, hivyo kagua namba ya usajili kabla hujatoa fedha. Kampuni ya bima lazima ijulishwe kwamba pana kigari. Nayo sheria ya kofia ngumu, inayomlazimu dereva na abiria wa nyuma tangu mwaka 1973, haimgusi aliyekaa ndani ya kigari. Lakini mke na mtoto wa mpwa wangu huvaa, mama juu ya mtandio mwepesi, kwa sababu barabara haisomi sheria.

Wala nisiwadanganye wenye hamu. Chombo hiki hakipenyi katikati ya foleni kama pikipiki, wala hakikukingi na baridi kama gari. Tena kinataka mahali pa kulala. T. F. Watson wa Birmingham, aliyeanzisha kampuni ya Watsonian mwaka 1912, alibuni kigari cha kukunjwa kwa sababu njia ya kuingilia uwanjani kwake ilikuwa nyembamba. Sisi wa nyumba za London tunamwelewa vyema.

Mpwa wangu alinunua ile ya Edmonton kwa fedha taslimu. Kwa mwezi mzima hakumpakia mtu. Kila alfajiri ya Jumapili, barabara zikiwa tupu, alitia mifuko ya mchanga ndani ya kigari, kiasi cha uzito wa mkewe, akazunguka mitaa ya Tottenham akijifunza kona za kushoto. Mkewe alikuwa akimuuliza kila arudipo kama gurudumu limeinuka, naye akimjibu ukweli. Wiki ya tano jibu likawa hapana. Jumamosi iliyofuata walikwenda wote watatu kumpeleka mtoto chuoni, mwendo wa dakika kumi na tano, nami nikifuata nyuma ndani ya basi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hilo ni la mwenye kulima peke yake. Anayembeba mwenziwe na achague, tena amwachie mwenziwe achague kwanza. Na mwenye nia ya kununua, aanze leo kwa kupima upana wa mlango wa uwanja wake.

Wabillahi tawfiq.